Studio ya Saa 24 kwa 24

Saa 24 kwa 24! Ndivyo walivyoandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa kona pale Bel-Air: studio safi, choo ndani, maji na umeme saa 24 kwa 24, bei ya amani. Chini yake namba ya simu. Na chini ya namba, mtu fulani ameongeza kwa kipande cha makala, yaani mkaa, neno moja tu: MUONGO. Wapangaji wa Lubumbashi hatuhitaji kuuliza ni mkono wa nani. Ni wa yule aliyehama.

Tusionee lakini. Studio nzuri ya bei ndogo ipo mjini hapa, na mtu mwenye heshima zake anaweza kuishi ndani yake vizuri kabisa. Chumba cha mita 4 kwa 5, vigae chini, dari ya tripleksi, zile mbao nyembamba za kubandikwa, sinki pembeni, bafu lako peke yako, mlango unaofungwa kwa ufunguo mmoja badala ya ufunguo na bega. Hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba studio hiyo unaonyeshwa saa nne asubuhi, na unaanza kuishi ndani yake saa moja jioni. Hizo ni nyumba mbili tofauti.

Anayekuonyesha ni komisionere, dalali wa nyumba. Kwanza anachukua pesa ya kutembelea, maana macho yako yatatumika. Kisha anasema ni karibu na mji, upande wa Golf, mtaa wa wenye pesa. Mnapanda taksi. Mnashuka, mnatembea. Mnapita duka, kanisa, kanisa, gereji, kanisa. Ukiuliza Golf iko wapi, anaelekeza kidole mbele kwa imani kubwa, na kweli, duniani kila kitu kina upande wake wa Golf.

Mnafika kwenye paseli, kiwanja chenye nyumba kubwa na milango ya wapangaji. Ufunguo haupo. Umekwenda sokoni na Mama fulani. Mnasubiri. Ufunguo unarudi, mlango unafunguliwa, na komisionere anaenda moja kwa moja kwenye swichi, anabonyeza, balbu inawaka.

“Unaona, mukubwa?”

Unaona nini? Balbu ya LED! Balbu nyingi za LED zinawaka vilevile kwenye volti 220 na kwenye volti 110, hazijui aibu. Ndiyo maana mwenye nyumba anayejua kazi yake anaweka LED wiki ile ile studio inapobaki tupu. Mtu anayetaka ukweli anabeba mfukoni balbu ya zamani ya wati 60, ile yenye uzi ndani, au kifaa cha kupimia volti cha bei ya chini kinachouzwa kwa wauza vifaa vya umeme. Balbu ya uzi haifichi siri: volti zikishuka inakuwa njano, halafu nyekundu, halafu unatazama uzi wenyewe bila kuumia macho. Ukitoa kifaa chako, komisionere anakitazama kama mtu aliyeonyeshwa waranti wa polisi.

“Hapa umeme inafikaka volti ngapi, Papa?”

“Ya kutosha.”

“Na jioni?”

“Jioni pia iko. Inakatikaka kidogo, lakini inarudiaka.”

Inarudiaka! Jua pia linarudiaka. Swali ni nini kinarudi. Saa moja jioni kila mlango umewasha resho yake, jiko la umeme, na laini ya mtaa inateremka hadi volti 150. Mtu ambaye hajasoma fizikia anafikiri amepoteza theluthi moja tu. Hapana. Kwa kifaa cha kupasha moto, nguvu inafuata mraba wa volti, kwa hiyo kwenye 150 unabaki na chini ya nusu. Birika la wati 2,000 linalochemsha lita moja na nusu kwa dakika nne au tano litakuchukua karibu dakika kumi, umesimama kando yake kwa heshima zako zote, ukilisikiliza likinung'unika bila kufika popote.

Tuendelee na maji. Komisionere anafungua bomba, maji yanatoka kwa kishindo, anafunga haraka. Fungua tena. Weka ndoo ya lita 10.

“Ndoo ya nini, mukubwa? Unataka kunawa?”

Unataka kuhesabu. Bomba lenye afya linajaza lita 10 ndani ya dakika moja hivi. Likizidi dakika tatu, sahau kuoga umesimama. Likianza kwa kishindo na kunyamaza kwenye lita ya nne, hayo yalikuwa maji yaliyolala ndani ya bomba, na bomba limemaliza hotuba yake.

“Imechoka,” anasema komisionere. “Itapumzika.”

Wakati huo huo Mama wa mlango wa pili anapita na bidoni ya njano ya lita 20 kichwani. Komisionere anamsalimia kwa sauti ya kuziba masikio, “Yambo, Mama!”, ili usimuulize ametoka wapi nayo. Ukiuliza hata hivyo, jibu lipo tayari: “Huyu anapenda tu mazoezi.”

Basi unauliza tanki. Lipo! Jeusi, juu ya stendi ya vyuma, na wewe unafurahi. Usifurahi kabla hujatazama urefu wa stendi. Maji yanapata presha ya bar moja kwa kila mita 10 za kwenda juu. Tanki likiwa mita 3 juu ya bomba lako, una bar 0.3. Likiwa mita moja tu, una 0.1. Na hapo ndipo tunafika kwenye fahari ya studio nzima, kitu ambacho komisionere alikuwa anakiweka mwisho kama nyama ya sahani: duchi ya umeme, maji ya moto papo hapo.

Duchi ile ina kiwambo cha mpira ndani. Maji yakisukuma kiwambo, chuma kinagusana, umeme unaingia kwenye koili, unaoga. Maji yasiposukuma, kiwambo hakiamki, na unaoga baridi chini ya mashine ya moto. Mafundi wanakuja, wanagonga duchi, wanasema imekufa. Haijakufa. Tanki limewekwa chini mno.

Haya, tuseme presha ipo. Duchi ya wati 5,500 kwenye volti 220 inavuta ampea 25. Inataka waya wa milimita 4 za mraba, wa kwake peke yake, kutoka kwenye diskonta ya kwake, ile swichi inayokata umeme ukizidi. Sasa geuza macho ufuate waya ulioingia bafuni. Ni ule ule mwembamba wa milimita 1.5 unaolisha balbu, umepita kona mbili na umefungwa kwa plastiki ya mfuko. Ukiwa na mita 30 za waya huo toka nyumba kubwa mpaka kwako, volti kama 18 zinapotea njiani, nazo hazipotei bure: ni zaidi ya wati 400 za joto zinazopikwa ndani ya ukuta. Harufu ile ya plastiki unayoisikia ukiwa na sabuni usoni, ndiyo hiyo. Na waya wa ardhini je, ule wa kijani na njano? Uliza tu uone.

“Ardhi iko chini, mukubwa.”

Bila waya huo usioge na kifaa kile, hata kama maji ni ya moto kiasi gani na mgeni wako ametoka Kolwezi. Hapo sifanyi mzaha.

Swali la bili nusura nilisahau. Paseli ina milango minne na mita moja, na mnagawana sawasawa. “Kama ndugu,” anasema komisionere, na nyuma yake, kupitia ukuta, unasikia ngrrrrr. Ni friza ya ndugu yako. Anauza maji baridi na barafu mtaa mzima. Wewe una chaja ya simu na feni, yeye ana friza iliyozeeka inayofungwa kwa kamba, na mwisho wa mwezi mnagawana sawasawa. Ukitaka amani, sema kabla ya kusaini kwamba utaweka mita ndogo ya kwako ndani ya mlango, zile za kuhesabu tu, muisome pamoja kila tarehe moja na kuandika kwenye daftari. Baada ya kusaini utaitwa mtu mwenye roho mbaya.

Halafu garanti, ile kodi ya miezi unayoweka kwa mwenye nyumba kama dhamana. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema nyumba ya kuishi garanti isizidi miezi mitatu. Komisionere anasema sita. Unamkumbusha sheria. Hakasiriki. Anakuonea huruma.

“Ile sheria ya Kinshasa, mukubwa. Barabara ni mbaya, haijafika bado.”

Umeme wa bwawa la Inga unasafiri kilomita 1,700 juu ya nguzo mpaka Kolwezi tangu miaka ya 1980, unapita juu ya vijiji ambavyo havina hata balbu moja, unafika huku, viwanda na migodi vinakula kwanza, na sisi tunalamba chungu. Karatasi moja ya sheria, ambayo mtu angeweza kuitia mfukoni na kupanda nayo ndege, hiyo ndiyo imekwama njiani!

Mnapatana mitano. Mnaitana ndugu. Juu ya hiyo kuna kodi ya mwezi mmoja ya komisionere, na sasa tazama muujiza. Mtu huyu ambaye hajui volti, hajui presha, hajui mita, anachukua noti yako ya dola 100 na ghafla ni profesa. Anaiinua juani. Anaipapasa kola ya yule mzee wa Marekani. Anaipindua. Anaona kwenye pembe mchaniko wa milimita mbili.

“Hii haitapita.”

Haitapita! Studio yenye waya wa balbu bafuni imepita, bomba linalochoka kwenye lita ya nne limepita, kanisa tatu njiani zimepita, noti haipiti! Na uchungu ni kwamba ana haki, hata sokoni wataikataa. Basi unarudi mjini kuibadilisha kwa wauza dola wa barabarani, wanaikata bei, na ukirudi unaambiwa kuna mtu mwingine alikuja kuona, ameipenda.

Yanayobaki ni madogo. Kanisa la jirani lina spika zinazotazama dirisha lako, wala halihitaji umeme, lina jenereta. Baa iko upande wa pili, zinapokezana. Agosti vumbi jekundu linaingia hata ndani ya kikombe kilichofunikwa. Oktoba mabati yanakupika, Desemba mvua ikianza kuyapiga huwezi kusikia simu, na ukitaka kupunguza vyote viwili dai dari iwe na nafasi ya kutosha chini ya bati na matundu ya hewa pembeni, sio tripleksi iliyogandamizwa kwenye mbao.

Friji, kama unayo, usiichomeke ukutani moja kwa moja. Inataka kifaa cha ulinzi kinachosubiri dakika tatu hadi tano umeme ukirudi, maana kompresa iliyozimwa ina presha ndani, ukiilazimisha kuanza mara moja inavuta umeme mwingi, inanguruma, inaungua. Volti ndogo inaiua vilevile, polepole. Unaweza kuongeza stabilizatere, kifaa cha kusawazisha volti, lakini nyingi zinakata volti zikishuka chini ya 140, na kabla ya kukata zinatafuta: tak, tak-tak, tak. Usiku kucha. Unalala na saa ya ukutani iliyorukwa na akili.

Julai usingizi wenyewe unataka moto. Watu wa nje wanafikiri Kongo yote ni joto. Waje walale hapa, kwenye mita 1,200 juu ya bahari, usiku unaposhuka chini ya nyuzi 10 na vigae vya studio ya kisasa viko chini ya nyayo zako. Umeme umekata, kwa hiyo mtu anaingiza mbabula, jiko la makala, ndani, anafunga dirisha, analala. Usifanye hivyo. Makala yanayoiva bila moshi yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba cha mita 4 kwa 5 kinajaa upesi. Washa nje, pika nje, ota moto nje, ingia na blanketi mbili. Jirani akicheka mwache acheke.

Na mbabula tumeirudia sisi sote, tusidanganyane, hata wenye duchi za umeme. Resho ya wati 1,000 kwenye volti 150 haiivishi maharage, inayazungumzisha. Kwa hiyo makala. Na gunia la makala sasa lina kilemba: gunia limejaa hadi mdomoni, juu yake wameshona majani na vijiti mpaka linafika kifuani kwa mtu, na wewe unalipia urefu. Juu wamepanga vipande vikubwa vya kupigia picha. Ukifika katikati ni vidogo. Chini ni unga mweusi. Likoroge kwa fimbo kabla ya kulipa, na usikilize: makala kavu yanalia kama vigae, yaliyonyeshewa yananyamaza na ni mazito. Muuzaji atakasirika. Mwache akasirike, halafu muulize kwa nini bei imepanda, atakuambia dola imepanda. Dola! Mti wa miombo umekatwa njia ya Kasenga, umechomwa huko huko, umeletwa kwa baiskeli na kijana aliyesukuma milima yote kwa miguu yake mwenyewe. Dola ilimkuta wapi? Na unga wa bukari, ugali wetu, nao wanasema dola, huo angalau mwingine unatoka Zambia, umevuka mpaka, lakini hata hapo mtu anajiuliza kwa nini kwacha, pesa ya Zambia, ikishuka mfuko haushuki.