Floodgate si "lango la mafuriko"

Kila mvua za masika zikijaza mabwawa, naiona tena tafsiri ileile ya neno la Kiingereza floodgate, yaani lango la kuzuia na kuachia maji: "lango la mafuriko". Mfasiri kalikata neno vipande viwili, kafasiri kila kipande, kisha kaviunga. Naikataa tafsiri hiyo, na sababu ninayo kutoka kwenye Kiingereza chenyewe.

Flood ni ndugu wa flow, yaani kutiririka. Katika Kiingereza cha kale, flod lilikuwa neno la maji yanayokwenda, hata ya bahari inapojaa. Mpaka leo maji kujaa huitwa flood tide, na mtu wa pwani anajua kwamba maji kujaa si janga. Gate hapa ni lango tu. (Lisichanganywe na lile la mitaa ya mji wa York, Uingereza, kama Micklegate: hilo lilikuja na Waskandinavia, na maana yake ni njia.)

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa karne ya 13. Kitabu kiitwacho Ancrene Wisse, kilichoandikwa kuwaongoza wanawake waliojifungia kwa ajili ya sala, kinawaambia kwamba wakilazimika kusema neno, wainue kidogo malango ya maji (floodgates) ya vinywa vyao, kama ifanywavyo kwenye kinu, kisha wayashushe upesi. Mafuriko yako wapi hapo? Kuna mto, kinu cha kusaga nafaka, na mtu anayeinua ubao apate maji ya kutosha kuzungusha gurudumu. Hiyo ni kazi ya kila siku.

Tazama pia Malaki 3:10. Biblia yetu ya Union inasema madirisha ya mbinguni. Tafsiri za Kiingereza za siku hizi, kama NIV (New International Version), zinasema floodgates. Nani angethubutu kuhubiri kwamba Mungu atatufungulia malango ya mafuriko ya baraka?

Wakulima wetu wa umwagiliaji hawajawahi kukwama hapa. Wana banio, pale maji ya mto yanapozuiwa ili yaingie mferejini, na jina limetoka moja kwa moja kwenye kubana. Wana geti la maji. Zamu ya shamba la chini ikifika, mtu hupaza sauti, "Fungulia maji!", na aliye juu anajua ainue nini.