Roboti Haombi Hela ya Soda

Mwaka 2013 madereva wa Kinshasa walikuta askari mpya kwenye njia panda: roboti. Urefu wake unazidi mita mbili, mwili ni wa alumini, chakula chake ni jua, na kifuani zinawaka taa nyekundu na kijani. Akikuinulia mkono, simama. Akigeuka, pita. Waliomuunda ni mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake, na kufikia 2015 aliongezewa ndugu wenye majina kabisa: Tamuke, Mwaluke na Kisanga.

Kilichonivutia ni maneno ya baadhi ya madereva walipohojiwa na waandishi wa habari. Walisema wanamheshimu kuliko askari wa kawaida, kwa sababu hasimamishi gari ili apewe kitu.

Wengi hudhani tutawaamini roboti wakishakuwa na akili nyingi. Mimi nabisha. Roboti wa Kinshasa ni taa za barabarani zilizoota mikono, basi. (Afrika Kusini taa hizo huitwa roboti hadi leo, na mikono hazina.) Hakuna aliyempima kwa akili. Walimpima kwa yule aliyekuwa akisimama pale kabla yake.

Kwetu Dar ni kinyume. Kuna njia panda napita kila asubuhi ambapo taa ikiwa kijani, dereva huangalia kwanza kama trafiki yupo. Akiwapo, taa ni pambo. Juzi dereva wa daladala yetu aliachia breki, konda akapiga bati: "Oya suka, tulia, trafiki!" Kweli, kiganja kilikuwa juu, filimbi mdomoni. Tukakaa, taa ikabadilika rangi mpaka nikaacha kuhesabu. Watu wakamlaani trafiki, wakamlaani dereva, ila taa hakuna aliyeitaja. Mashine inayodharauliwa mbele ya macho yetu kila siku, nani ataitegemea?

Halafu kuna suala la kugombana. Mwaka jana ATM ilikata laki mbili kwenye akaunti yangu bila kutoa hata noti moja. Nilizisikia zikihesabiwa humo ndani, krrr, krrr, kisha kadi ikarudi na neno "asante". Hela zilirejeshwa baada ya wiki mbili za nenda-rudi. Tangu hapo natoa kwa wakala, dada mwenye kibanda chini ya mwembe mtaani kwetu. Naye hukosea, pengine kuliko ATM. Lakini nikimwambia, "Dada, umenipunja elfu kumi," anacheka, anavuta droo, tunahesabu pamoja. ATM nitaivuta shati?

Sisemi kwamba kuamini kidogo ndiyo kasoro pekee. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha Georgia Tech, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwenye jengo: moshi wa bandia, king'ora, na roboti wa kuwaongoza watu nje. Baadhi ya watu hao walikuwa wamemwona dakika chache kabla akipotea njia. Wakamfuata vilevile, wakauacha mlango walioingilia wenyewe, wenye alama ya kutokea juu yake. Nikiwafikiria nawaelewa. Kwenye moshi, anayeonekana kujua anakokwenda ndiye kiongozi, awe na damu au betri.

Ndiyo maana roboti wa Kinshasa ananisumbua kidogo, pamoja na sifa zake zote. Aliwekewa kamera ili picha zake zipelekwe polisi. Kwa hiyo yule binadamu tuliyefurahi kumkwepa hajaondoka, amehamia ofisini, mahali ambapo dereva hamwoni akinyoosha mkono wala akipokea kitu. Siku nikifika kule, nitamuuliza dereva wa teksi swali moja tu, tukiwa tumesimama mbele ya kile kifua chekundu: picha hizi anazifungua nani?