Kijana mwembamba, kabla ya kununua kopo la unga

Vijana wembamba wa Mombasa wanaoanza kunyanyua vyuma hawakosi bidii. Wanachokosa ni chakula, na wengi hawajui kwamba wanakikosa. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nawaona wakitoa pesa walizozitolea jasho bandarini na kwenye tuktuk, waende kununua kopo la unga wa protini, ilhali asubuhi hiyo hiyo wametoka nyumbani na kikombe cha chai ya rangi na mahamri mawili.

Kwenye jimu yetu ya uani, huku Majengo, vyuma vingine ni vya dukani na vingine ni mikebe iliyomiminwa saruji na kupachikwa kwenye bomba. Kauli ninayoisikia pale kuliko zote ni hii: "Ami, mimi nala sana, ila mwili haushiki." Simbishii mtu. Namwomba tu anihesabie alichokula jana, tangu alipoamka hadi alipolala. Mmoja anayepakia magunia sokoni Kongowea alinihesabia kwa vidole. Alfajiri chai ya rangi. Saa nne viazi karai na ukwaju. Saa nane sahani ya wali kwa maharagwe, imejaa pomoni. Usiku chapati mbili na mchuzi mtupu, maana alifika wa mwisho na vinofu vilikuwa vimekwisha. Sahani ile ya saa nane ndiyo inayomkaa akilini, na ndiyo inayomfanya aamini kwamba anakula sana. Lakini mlo mmoja mkubwa hauwezi kulipia siku nzima ya kubeba magunia, kisha jioni aje abebe na vyuma.

Tufanye hesabu. Mwaka 2018 jarida la British Journal of Sports Medicine lilichapisha uchambuzi wa tafiti 49 zenye washiriki 1,863. Ulionyesha kwamba, kwa wastani, faida ya kuongeza protini kwa wanaofanya mazoezi ya uzito hufika kikomo kwenye gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa kijana wa kilo 55, hiyo ni gramu 88. Yule mpakiaji wetu, hata nikimkadiria kwa ukarimu, alipata kama nusu yake. Juu ya protini kuna nguvu yenyewe: ili mwili ujenge, lazima uingize kalori kama 300 hadi 500 zaidi ya zile unazotumia kila siku, na mtu wa kazi za sulubu hutumia nyingi mno.

Sasa, wapo ambao kweli wanaongeza chakula na mizani haisogei, na sitaki kuwadharau. Mwaka 1999, James Levine na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha utafiti katika jarida la Science. Watu 16 walilishwa kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki 8. Yuko aliyeongeza chini ya nusu kilo ya mafuta na yuko aliyeongeza zaidi ya kilo 4, kwa ziada ile ile. Tofauti kubwa ilitokana na zile harakati ambazo hakuna anayezihesabu kuwa ni mazoezi: kusimama, kutembea huku na huku, kutotulia kwenye kiti. Kuna miili ambayo ikipewa zaidi hujishughulisha zaidi, ikaiteketeza ile ziada bila mwenyewe kujua. Kwa hivyo kijana anayesema mwili haushiki ana haki, kwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba inabidi aongeze tena, na aongeze kwa saa maalumu badala ya kungoja njaa. Njaa ya mtu mwembamba hushibishwa upesi. Ukiifuata, itakuacha pale pale ulipo.

Hapa ndipo ninapowashangaa wanaodhani chakula cha kujenga mwili ni cha wazungu, kwamba bila shayiri ya kopo na kifua cha kuku kisicho na chumvi huwezi kunawiri. Ukipita mitaa ya Mji wa Kale asubuhi utamkuta mama wa mbaazi. Mbaazi zake zimelala majini usiku kucha. Amezichemsha zikaiva laini na bado punje zimekaa nzima. Tui jepesi limetangulia, likachemkia humo pamoja na kitunguu na pilipili, na tui zito ametia mwisho huku akikoroga polepole na moto ameupunguza, lisije likakatika. Kikombe cha mbaazi zilizoiva kina protini kama gramu 11, na tui zito lina takriban kalori 200 kwa kila mililita 100. Mtu aliye mwembamba anatakiwa afurahi kuona nazi. Mwenye kitambi na aiogope.

Shida yetu ya Pwani iko kwenye mgao. Tunapika wali sinia zima, kitoweo kiduchu. Kipande cha samaki kimoja kinasindikiza kilima cha wali, na mbaazi zenyewe tunaagiza kibakuli cha kuchovyea mahamri. Kijana anayejenga mwili ageuze mgao huo. Wali abaki nao, kwa sababu wanga ndio nguvu ya kunyanyulia, lakini mbaazi ziwe bakuli kamili, na samaki awe kipande cha maana. Mayai 3 yana protini kama gramu 18. Glasi 2 za maziwa, 16. Samaki aliyeiva wa gramu 150 hukaribia 34, na kikombe cha pojo au maharagwe kina kama 14. Ongeza zile mbaazi za asubuhi na umeshapita 88, kabla hata hujahesabu chapati na wali. Na asiyemudu nguru anunue dagaa wakavu, maana katika kila gramu 100 zao karibu nusu au zaidi ni protini tupu. Nazungumza na watu ninaowajua mifuko yao, najua mayai 3 kila siku si kitu kidogo nyumbani kwenye watoto sita. Lakini anayeweza kununua kopo la maelfu ya shilingi hawezi kuniambia kwamba trei ya mayai imemshinda. Na yale makopo makubwa ya kunenepesha, soma maandishi ya nyuma: mara nyingi sehemu kubwa ni wanga mwepesi. Wanga unao jikoni kwa mamako.

Vidonge ndivyo vinavyonitia hofu hasa. Kuna vinavyouzwa kimyakimya kwa wasichana na wavulana wanaotaka kunawiri haraka, na mara nyingi huwa ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoamsha hamu ya kula na kuleta usingizi mzito, au deksamethasoni, ambayo ni steroidi kali. Deksamethasoni humjaza mtu mashavu kwa maji na mafuta, huku ikitafuna misuli yenyewe, ile ile uliyokwenda kuitafuta jimu. Ikitumiwa muda mrefu kisha ikaachwa ghafla, inaweza kumwangusha mtu vibaya. Hizo ni dawa za daktari kwa wagonjwa wake. Anayekuuzia kwenye karatasi isiyo na jina hakutakii mema.

Lazima niseme na la muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, maana nisipolisema nitakuwa sijaandika kuhusu Mombasa. Mwezi wa Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku kuingizwa na kuuzwa muguka katika kaunti, mambo yakafika mahakamani, na ubishi ule wote unaukumbuka. Sigusi siasa zake. Nasema la mwili tu: muguka huua hamu ya kula na hufukuza usingizi. Kijana anayetafuna kuanzia alasiri hadi usiku wa manane ameruka chakula cha jioni na amepoteza usingizi ambao ndani yake misuli hujikarabati. Hakuna mpango wa chakula utakaoziba pengo hilo. Kama huwezi kuacha, basi kula kwanza, tena kula vizuri, ndipo ukae barazani.

Joto nalo hukata hamu, hasa kuanzia Januari hadi Machi, na hapo ndipo mji huu una neema yake. Ukishindwa kutafuna, kunywa. Glasi ya maziwa, nusu ya parachichi, ndizi moja na kijiko cha siagi ya karanga, vikisagwa pamoja vinakupa karibu kalori 500, na vinateremka hata kama umetoka juani. Njugu mfukoni nazo: kiganja kimoja ni kalori kama 170, unazimaliza kwenye kivuko cha Likoni kabla hujafika upande wa pili.

Ramadhani wengi husimamisha kila kitu. Mimi sioni haja. Daku iwe na mayai au maharagwe badala ya chai na mkate peke yake, futari isiishie kwenye kaimati, na vyuma vinyanyuliwe baada ya tarawehe kwa uzito uliopunguzwa kidogo.

Kuhusu vyuma vyenyewe sina mengi. Siku 3 kwa wiki zinamtosha anayeanza: kuchuchumaa na chuma begani, kunyanyua kutoka chini, kusukuma, kuvuta, na kuongeza uzito kidogo kidogo. Jipime siku moja ya wiki, asubuhi kabla ya kula, mizani ile ile. Kwa mtu wa kilo 55, robo kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Wiki 2 zikipita bila mabadiliko, ongeza mlo mmoja mdogo. Ukiona unaongeza kilo nzima kila wiki, sehemu kubwa ni mafuta na maji, punguza.

Na yuko kijana mmoja ambaye haya yote hayamhusu kwanza. Ni yule ambaye alikuwa na mwili, sasa unayeyuka bila sababu. Anakohoa wiki baada ya wiki, au ana kiu isiyokatika na mikojo ya kila saa, au moyo unamwenda mbio amekaa kitako. Huyo asianze na mayai wala vyuma. Aende hospitali apimwe kifua kikuu, sukari, tezi ya shingo na minyoo, na aende na mtu wa nyumbani wa kumsindikiza, kwa sababu vijana wetu wengi wakifika getini peke yao hurudi.