Neno OK lina baba wangapi?

Mtumie bosi ripoti uliyoikeshea, akujibu "ok" tupu, bila nukta wala emoji, kisha usipate usingizi. Amefurahi? Amenuna? Ameisoma kweli? Bosi huyohuyo mpigie simu, kabla hajakata utamsikia: "oke, oke, haya, oke." Hapo hakubali chochote, anaaga tu. Fundi akikurudishia redio yako na kusema "iko oke", maana yake imepona. Ukiuliza pilau ya harusini ilikuwaje, ukaambiwa "ilikuwa oke", ujue mpishi hajasifiwa. Na kompyuta ikishakula kazi yako ya siku nzima inakuletea kisanduku chenye kitufe kimoja tu, OK, ili uridhie msiba wako mwenyewe.

Herufi mbili zinazobeba kazi zote hizo lazima zigombaniwe. Kuna wanaosema zimetoka kwa Wagiriki, wengine kwa Wachoctaw, wenyeji wa asili wa kusini-mashariki mwa Marekani, ambao neno lao linalofanana na hilo lina maana ya "ndivyo ilivyo". Rais Woodrow Wilson aliipenda hiyo ya Wachoctaw kiasi cha kuandika "okeh" kwenye nyaraka zake. Lakini kwa msomaji wa Afrika, shauri lenye uzito ni moja: je, OK ni utani wa magazeti ya Boston, au ni neno la Kiwolofu lililovuka bahari na watumwa?

Tuanze na Boston, maana wao wana karatasi. Tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post lilichapisha kijembe kwa mhariri mwenzao wa mji wa Providence, na katikati ya maneno hayo ikatokea "o.k.", ikifuatwa na maelezo yake: "all correct", yaani yote sahihi. Anayejua Kiingereza ataona mara moja kwamba hapo hakuna neno linaloanza na O wala K, na utani wenyewe ndio huo. Miaka ile waandishi wa Boston walikuwa na mchezo wa kufupisha misemo baada ya kuiharibu tahajia makusudi. "All correct" wakaigeuza "oll korrect", ikazaa o.k.; "all right" wakaigeuza "oll wright", ikazaa o.w. Aliyewahi kupokea ujumbe wa kijana aliyeandika "xaxa" badala ya "sasa" na "2po" badala ya "tupo" hahitaji kuelezwa zaidi.

Aliyefukua haya ni Allen Walker Read, profesa wa Columbia University, katika makala alizozitoa kwenye jarida la American Speech mwaka 1963 na 1964. Nguvu ya kazi yake haiko kwenye ile tarehe moja. Read alionyesha ukoo mzima wa vifupisho vya aina hiyo, akaonyesha vilivyokufa, kisha akaeleza kwa nini hiki kimoja kilipona. Kiliponea kwenye siasa. Mwaka 1840 Martin Van Buren aligombea urais kwa mara ya pili. Alikuwa mzaliwa wa Kinderhook, New York, na wafuasi wake wakimwita Old Kinderhook wakaanzisha O.K. Club. Wapinzani nao wakalidaka neno hilohilo: wakaeneza kwamba rais aliyemtangulia, Andrew Jackson, alikuwa mbumbumbu wa tahajia aliyeandika O.K. kwenye nyaraka akidhani ndiyo "all correct". Van Buren aliangushwa na William Henry Harrison, lakini nchi nzima ilikuwa imeshalijua neno. Baadaye likaingia kwenye simu za maandishi (telegrafu) na reli, ambako ufupi ni mali.

Upande wa pili ukaletwa na David Dalby, mwanaisimu Mwingereza aliyebobea katika lugha za Afrika Magharibi. Kiwolofu cha Senegal na Gambia kina "waaw", yaani ndiyo, na "kay", kipashio cha kutilia mkazo. "Waaw kay" ni sawa na kusema "ndiyo hasa". Wawolofu walikuwamo miongoni mwa waliopelekwa Amerika ya Kaskazini kwa minyororo, kwa hiyo njia ya neno kusafiri ipo.

Kuna na ushahidi wa maandishi, mdogo lakini wa kusisimua. Mwaka 1784 msafiri John Smyth alichapisha kitabu cha safari zake Marekani, na humo akanukuu maneno ya mtumwa wa North Carolina aliyekuwa akijitetea asichapwe. Alikaa zake, anasema mtu yule, samaki mkubwa akarukia mtumbwini mwenyewe. Akafurahi, akatulia kimya akingoja mwingine arukie. Ila akapitiwa na usingizi. Utetezi huo wa kijanja unaanza hivi: "Kay, massa". Miaka 55 kabla ya gazeti la Boston!

Nikiri kwamba kwa moyo ningependa Dalby ashinde. Wala hoja yake haiwezi kupuuzwa kwa kusema tu "hakuna maandishi". Nani angeyaandika? South Carolina ilipitisha sheria tangu 1740 kukataza watumwa kufundishwa kuandika. Ukiweka kanuni kwamba neno lisilochapwa gazetini halikuwapo, umeshampa ushindi mwenye mtambo wa kuchapia. Tena wataalamu wamewahi kuumbuka. Kigullah, lugha ya watu weusi wa visiwa na pwani ya South Carolina na Georgia, kiliitwa Kiingereza kibovu na wasomi kadhaa, hadi Lorenzo Dow Turner alipotoa kitabu chake mwaka 1949 kikiwa na maelfu ya maneno na majina yenye asili ya Afrika.

Lakini ni kazi hiyohiyo ya Turner inayonifanya nisite kwa Dalby. Turner hakutegemea huruma tu. Aliwaendea visiwani, akawarekodi, akalinganisha neno kwa neno na lugha za Afrika. Chukua "goober", karanga kwa watu wa kusini mwa Marekani. Kikongo na Kimbundu zina "nguba", sauti inakaribiana, maana ni ileile ya karanga, na wasemaji wake walifikishwa huko. Kwa OK hatuna mshikamano kama huo. "Kay" ya yule mvuvi inaweza kabisa kuwa mshangao tu, kama "ki!" inayosikika katika Kigullah na Krioli ya Jamaika, si ndiyo ya mtu anayekubali. Na hakuna kiungo kinachoitoa kinywani mwa mtumwa wa North Carolina na kuifikisha kwa wahariri wa Boston, ambao walieleza wenyewe kifupisho chao kimetokana na nini.

Maana nazo zina la kusema. Katika gazeti la 1839 OK inaeleza hali: mambo yako sahihi. "Waaw kay" ni jibu. Watetezi wa Kiwolofu huuliza: neno la hali liligeukaje kuwa neno la kuitikia? Sisi tunaotumia "sawa" kutwa nzima tunalo jibu. Kwa Kiarabu asili yake ni usawa, kulingana; nasi bado tunasema "vijiti hivi ni sawa kwa urefu". Lakini mtu akikwambia "njoo saa mbili", ukajibu "sawa", umekubali, na hakuna aliyehitaji kutuazima ndiyo kutoka nje. OK ingeweza kupita njia hiyohiyo bila msaada wa Senegal.

Kinachonitatiza zaidi ni jinsi asili ya neno inavyochaguliwa kwa kuangalia historia ambayo mtu anataka isimuliwe. Bagamoyo iko hapa kwetu: wapo wanaosema ni wapagazi waliofika pwani wakabwaga mizigo na mioyo ikatua, wapo wanaosema ni mateka walioibwaga mioyo yao kabla ya kupandishwa majahazini. Kila mmoja ana Bagamoyo yake, na jina lenyewe linazikubali zote mbili. OK nayo, kila anayeidai anajitazama kidogo humo.

Kwa hiyo mimi nasimama na Read, tena si kwa sababu Boston ina haki zaidi. Atakayeleta barua, daftari la shamba au kumbukumbu ya mahakama ya kabla ya 1839 ambamo mtu mweusi anaitikia "okay" kwa maana ya ndiyo, atanibadilisha kauli siku hiyohiyo. Na huko ndiko watetezi wa Kiwolofu wangepaswa kuelekeza nguvu zao, kwenye makabati ya mahakama za kusini mwa Marekani, badala ya kurudia kila mwaka kwamba "waaw kay" inafanana na "okay" masikioni.