Picha Moja, Bei Moja

Wachoraji wa Kigoma tuache bei mbili. Katika maonyesho mengi ya sanaa picha hutundikwa bila bei, na bei hutajwa baada ya mchoraji kumtazama mteja usoni. Mgeni aliyeshuka boti ya Hifadhi ya Gombe anaambiwa laki tatu, mwalimu wa Mwanga hapa mjini anaambiwa elfu themanini, mwenye hoteli anaambiwa "tutaelewana, bosi". Wengi wanaona huo ndio ujanja wa biashara. Mimi naona ndiyo sababu kubwa ya picha kurudi nyumbani na wenyewe.

Sokoni kila mnunuzi anapatana peke yake na kwenda zake. Kwenye maonyesho watu wamesimama pamoja saa nzima, na bei ya pili ikitajwa inasikika. Muongoza watalii aliyesikia zote mbili hataleta wageni tena. Isitoshe, wapo watu wengi wenye pesa wanaoona haya kuuliza bei mbele ya wenzao: wanaisifu picha, wanakunywa soda, wanaondoka.

Basi andika bei. Kadi ya sentimita 10 kwa 7 inatosha, ibandikwe kulia kwa picha: jina la picha, mwaka, aina ya rangi na kitambaa, vipimo, bei. Iwe kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza bei za bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni, na hata bila kanuni, kadi ya dola inamwambia jirani yako kwamba picha hii si yake.

Bei yenyewe itoke kwenye hesabu. Njia ninayoiamini ni kujumlisha urefu na upana kwa sentimita, kisha kuzidisha kwa kiwango chako cha kila sentimita. Tuseme kiwango ni shilingi 1,200. Picha ya 30 kwa 40 ina jumla ya 70, yaani 84,000. Ya 60 kwa 90 ina jumla ya 150, yaani 180,000. Ukipiga kwa eneo, hiyo kubwa inakuwa na bei mara nne na nusu ya ndogo, na haitoki ukutani. Halafu linganisha na gharama: kitambaa cha marekani, rangi ya msingi inayopakwa kwanza, rangi za kuchorea, mbao, fundi, nauli na siku zako za kazi. Kama kiwango hakizilipi, kipandishe kwa picha zote, wala usiipandishe ile moja unayoipenda.

Kamisheni ya ukumbi ndiyo inayowaumiza wengi kimyakimya. Ukitaka kubaki na 70,000 na ukumbi unachukua asilimia 30, usiongeze asilimia 30 juu yake. Utapata 91,000, ukumbi utachukua 27,300, na wewe utabaki na 63,700. Gawanya 70,000 kwa 0.7 upate 100,000. Vivyo hivyo kwa cha juu cha muongoza watalii aliyeleta mteja: mkubaliane mapema, tuseme asilimia 10, na iwe ndani ya bei iliyoandikwa. Cha juu kinachoongezwa papo hapo ndicho mlango wa bei mbili.

Bei ikishaandikwa, picha lazima istahimili jicho la karibu, kwa sababu kila kasoro inampa mteja haki ya kuomba punguzo. Fremu iliyopinda inatokana na mbao mbichi. Mwombe seremala msonobari uliokauka vizuri, maana mninga ni mzuri lakini ni mzito na msafiri atauacha. Masika kitambaa hulegea, kwa hiyo acha nafasi ya kabari ndogo kwenye pembe nne za nyuma, uzigonge kidogo kitambaa kikaze. Rangi ya mafuta ya dukani, ile ya kupaka milango, hukauka juu kwa siku moja huku chini ikiwa bado laini kwa wiki kadhaa. Ukizipanga picha uso kwa uso zinagandana, na kuzibandua ni kuziharibu zote mbili. Gazeti katikati haliokoi kitu, wino wake unahamia kwenye picha. Tumia karatasi ya kuokea.

Na tafadhali, mkiweka maonyesho nje, msitumie turubai la bluu. Mwanga unaopita humo unaua nyekundu na kuifanya rangi ya udongo kuwa ya kijivu, na mteja anaona picha nyingine kabisa na ile uliyoichora. Turubai jeupe, katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka chini, nafasi ya viganja viwili kati ya picha na picha. Wakati mzuri ni kiangazi, Juni hadi Septemba, wageni wa hifadhi za Gombe na Mahale wanapopita mjini.

Hao wageni wana mzigo mdogo. Kuwa na bomba la plastiki la inchi 4, uvue kitambaa kwenye fremu na kukiviringisha juu yake rangi ikiwa nje. Ukiviringisha rangi ikiwa ndani, tabaka linabanwa na kupata mikunjo na nyufa. Picha ambayo haijakauka mpaka ndani isiviringishwe kabisa. Desturi ya kubandika kidoti chekundu kuonyesha picha imeuzwa na kusubiri maonyesho yaishe haifai kwa mtu ambaye kesho anapanda treni. Mpe picha yake, tundika nyingine.

Najua swali linalofuata: bei moja si itamfungia nje mwenyeji? Itamfungia kama una picha kubwa tu. Chora pia za 20 kwa 25, ambazo kwa kiwango kile kile ni 54,000, na michoro ya penseli yenye kiwango chake cha chini kilichoandikwa wazi. Tuchore na mambo ambayo mwenyeji anataka kuyaona sebuleni kwake: meli ya Liemba ikiwa gatini, stesheni ya Kigoma, wanawake wakianika dagaa. Sokwe tumewachora wa kutosha. Na mpe nafasi ya kulipa kidogokidogo kwa bei ile ile: theluthi leo kwa simu, theluthi mwisho wa mwezi, ya tatu akichukua picha. Andika risiti yenye tarehe zote tatu na nini kitatokea akishindwa. Kwa mwenye hoteli ongeza mstari mmoja kwenye risiti: amenunua picha, hakimiliki imebaki kwa mchoraji. Akitaka kuichapisha kwenye fulana au kadi, hayo ni makubaliano mengine, kwa maandishi, na yana bei yake.