Daraja limetufikisha haraka, ila mwanangu anaikosa pantoni

Mwanangu ana miaka mitano, na kila tukipanda basi pale Nyegezi, Mwanza, kwenda Geita kwa bibi yake, najua tutatapika. Nasema "tutatapika" kwa sababu akitapika yeye, gauni linalochafuka ni langu.

Enzi za pantoni ilikuwa nafuu. Basi likifika Kigongo abiria tunashuka, tunaingia kwa miguu, mtoto anapigwa na upepo wa ziwa. Tukitia nanga Busisi, ameshaanza kuuliza samaki. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, kilomita tatu hivi, tunavuka kwa dakika chache tu. Kwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Bugando, Mwanza, ni neema, sibishi. Lakini mtoto sasa anakaa kitini mfululizo, na ukimwomba konda dakika tano pale Sengerema anakutazama kama umedai nauli yako.

Wanaosema mtoto "anadeka" wananiudhi. Sikio la ndani linahisi gari linakata kona, macho yanaona kiti cha mbele kimetulia tuli. Ubongo unaletewa habari mbili zinazogombana, tumbo ndilo linalolipa. Wachanga wa chini ya miaka miwili kwa kawaida hawapati taabu hiyo. Wa rika la mwanangu ndio wenyewe. Na ile simu ya katuni tunayowapa watulie ndiyo inayowamaliza. Nilimpa siku moja. Usagara hatukufika.

Siku hizi nakata tiketi mapema, siti za mbele, dirishani, namhesabisha ng'ombe walio mbali. Asubuhi uji kidogo. Chipsi mayai atazikuta kwa bibi. Ndimu naikwaruza kwa ukucha ananusa, na hata isipotibu, inafunika harufu ya dizeli. Miguuni nina kopo la siagi lenye mfuniko. Dawa ya promethazini, ya kuzuia kutapika, usinunue kwa kusikia kwa jirani: chini ya miaka miwili haipewi kabisa, inaweza kumzuia mtoto kupumua. Mkubwa kidogo, muulize mfamasia kwanza.

Safari iliyopita nilimruka konda, nikamfuata dereva kabla hatujaondoka.

"Shikamoo baba. Nina mtoto gari linamsumbua."

"Marahaba. Tukikaribia Sengerema nikumbushe, mama."

Akasimama kweli. Kabla sijamfungua mwanangu mkanda, wanaume wawili wazima wa siti za nyuma walishatangulia chini, kila mmoja na ndimu yake puani.