Abydos Kwanza, Dendera Baadaye

Karibu kila wakala wa utalii mjini Luxor nchini Misri anauza safari ya siku moja ya kwenda kwenye mahekalu ya kale ya Dendera na Abydos, na wengi wao wanaipanga kichwa chini miguu juu. Wanaanzia Dendera kwa sababu iko njiani, kilomita 60 hivi kaskazini, karibu na Qena. Wageni wanafika Abydos mchana shingo zimekwisha kuwauma kwa kutazama dari, wanapewa dakika 45, basi. Mwambie wakala kabla hujalipa: Abydos kwanza, na iandikwe kwenye makubaliano.

Abydos iko kilomita 160 hivi kutoka Luxor, jirani na mji wa El Balyana. Njia inaweza kula saa tatu, maana kuna vizuizi vya polisi na matuta. Ondoka saa kumi na moja alfajiri, pasipoti iwe mfukoni, si hotelini. Gari likipata pancha au ukaguzi ukichelewa, utakachokosa ni Dendera, na huko unaweza kurudi kesho yake kwa teksi. Abydos hairudiwi kirahisi hivyo. Ikiwa ni Ijumaa, mwulize dereva atasali wapi, upange saa zako kufuatana na hilo.

Hekalu la Abydos, la farao Seti wa Kwanza, ni la karne ya 13 K.K., na mwanawe Ramses wa Pili ndiye aliyelimalizia. Mikono miwili hiyo inaonekana wazi: picha za Seti zimechomoza kwenye jiwe la chokaa, za Ramses zimechimbwa kuingia ndani, kazi ya haraka zaidi. Zima flashi. Washa tochi ya simu, uishike ubavuni mwa ukuta, karibu kabisa. Mikunjo ya vazi jembamba na shanga za mkufu zitajitokeza moja moja; mwanga wa kutoka mbele unazifuta zote.

Vyumba vya miungu vimejipanga saba, kimoja kikiwa cha Seti mwenyewe. Sita vina mlango wa uongo nyuma, umechongwa ukutani tu. Cha Osiris, mungu wa wafu, kina mlango wa kweli, upite, kwani huko ndani wengi hawafiki. Kisha nenda kwenye ukumbi mwembamba wenye orodha ya wafalme, majina 76. Hatshepsut hayumo, Akhenaten hayumo, wala Tutankhamun, ingawa wote walitawala kabla ya Seti, na hapa ndipo mwongozaji mzuri anapostahili fedha yake kwa kukueleza kwa nini. Anayeng'ang'ania ile “helikopta”, mchongo wa kwenye boriti ya jiwe unaofanana na helikopta, anakupotezea muda: ni maandishi ya Seti yaliyozibwa kwa plasta na kuchongwa upya wakati wa Ramses, plasta ikabanduka, alama zikapandana. Nyuma ya hekalu kuna Osireion, jengo la mawe la Osiris, ambayo mara nyingi imejaa maji yanayopanda kutoka ardhini. Itazame kutoka juu.

Dendera, hekalu la mungu wa kike Hathor, ilianza kujengwa mwaka 54 K.K., kwa hiyo ni changa sana mbele ya Abydos. Saa moja na nusu zinatosha. Dari la ukumbi wa nguzo 24 limesafishwa masizi na buluu yake imerudi. Darubini ndogo itakusaidia kuliko kamera. Zodiaki, mchongo wa makundi ya nyota darini mwa chumba kilicho juu ya paa, ni nakala; ya asili ilikatwa mwaka 1821 na sasa iko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris. Usiondoke bila kuzunguka nje hadi ukuta wa nyuma, walipochongwa malkia Cleopatra wa Saba na mwanawe Caesarion. Tundu la kushukia vyumba vya chini ya sakafu ni dogo na hewa ni nzito, kwa hiyo mwenye pumu au magoti mabovu abaki juu.

Beba kadi ya benki, kwa kuwa sehemu nyingi za kale Misri hazipokei tena fedha taslimu mlangoni. Noti ndogo za pauni bado zina kazi: choo, na bakshishi ya mlinzi. Mlinzi akikuita pembeni kukuonyesha kitu, kubali au kataa palepale, kwa sababu ukishamfuata atatarajia chochote.